Mgeni Arudiye: Jina Lake katika Njia za Kilimanjaro

Mji wa Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, umekaa juu ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, kiasi cha kilomita 25 magharibi ya Moshi, pale inapochipuka njia ya kaskazini iendayo Sanya Juu. Jina lake lajieleza lenyewe: ni boma la ng'ombe. Lakini mahali ambapo mlima hukutana na mbuga hapakai muda mrefu pakiwa pa mifugo peke yake. Hushuka wenye ndizi kutoka Machame. Hupanda Wamasai kutoka uwandani. Hupita mabasi ya Dar es Salaam na magari ya wapanda mlima waendao lango la Londorosi. Wengi katika hao hupita mara moja wasionekane tena. Mji wenyewe, hata hivyo, hauishi kwa wapitao bali kwa warudio: mama ambaye kila siku ya soko huja kwa muuza nafaka yule yule, dereva ambaye hali chakula ila kwa mama lishe mmoja, mzee ambaye nafasi yake katika kilabu cha mbege haikaliwi na mtu mwingine jua linapoanza kushuka.

Mtu huyu arudiye ana jina gani katika Kiswahili? Swali hili huwapata wafasiri mara kwa mara. Waingereza humwita kwa neno la Kifaransa, "habitué", walilolitwaa mwanzoni mwa karne ya 19 bila kulibadilisha hata alama zake za maandishi. Mfasiri alikutapo hufungua kamusi, huona "mgeni wa mara kwa mara" au "mteja wa kudumu", kisha huandika moja katika hayo na kuendelea na kazi yake, huku moyoni akijua ya kuwa ameeleza tu wala hakutaja jina. Wapo wasemao ya kuwa upungufu huu ni umaskini wa lugha. Historia ya mlima wa Kilimanjaro na njia zake yaonyesha jambo lingine: Kiswahili hakikukosa jina la mgeni arudiye, bali kilimpa majina mengi, na kila jina lilitaja deni lililokuwapo kati yake na mwenyeji wake.

Yafaa kwanza kulitazama hilo neno la kigeni. "Habitué" ni mtu aliyezoezwa, mtu aliyekwisha kuzoea. Asili yake ni Kilatini, katika neno lenye maana ya hali ya mtu na desturi yake. Halimtaji mwenye nyumba wala halisemi mgeni huja kufanya nini; humtaja mgeni kwa mazoea yake tu. Ndiyo sababu madaktari wa lugha ya Kiingereza katika karne ya 19 waliweza kulitumia neno hilo hilo kwa mtu aendaye kila jioni kwenye tamthilia na kwa mtu asiyeweza kuacha kasumba.

Lakini kabla ya neno hilo, Kiingereza kilikuwa kimekwisha kupata neno jingine la namna hiyo kutoka kwa Wafaransa hao hao. Wanormandi walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, walileta lugha yao ya Kifaransa, na ndani yake neno lililotokana na Kilatini "consuetudo", yaani mazoea au desturi. Katika neno hilo Waingereza walipata jina la desturi. Wakapata jina la ushuru utozwao bidhaa bandarini, kwa kuwa ulikuwa ni malipo ya desturi. Wakapata pia "customer", ambaye katika karne ya 14 aliweza kuwa mtoza ushuru, na baadaye akawa mnunuzi aliyezoea kununua mahali pamoja. Neno hili ndilo lililofika Afrika Mashariki katika vinywa vya Waingereza na kugeuzwa kuwa kastama. Kwa hiyo mchuuzi wa Bomang'ombe asemaye "huyu ni kastama wangu" anatumia neno la Kifaransa lililopita Uingereza, lenye maana ya asili ile ile ya "habitué": mtu wa mazoea.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na jamaa kama hii ya maneno kabla ya kumjua Mwingereza. Neno ada limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kurudi. Wanazuoni wa kale wa Kiarabu waliliweka neno Idi katika mzizi huo huo, kwa kuwa Idi ni siku irudiyo kila mwaka. Katika Kiswahili ada ni desturi, lakini ni malipo pia: kuna ada ya mganga, ada ya harusi, ada ya shule. Kilatini na Kiarabu hazina udugu, wala Waswahili hawakukaa baraza moja na Wanormandi. Hata hivyo watu wa pande zote mbili walifikia fikira moja, ya kwamba jambo lirudiwalo huwa desturi, na desturi huzaa haki ya mtu kudai. Tofauti ni hii tu: Kiingereza kilimpa mtu arudiye jina katika jamaa hiyo, na Kiswahili hakikufanya hivyo. Kiswahili kilimwangalia mtu huyo kwa jicho lingine.

Jicho hilo huonekana katika maneno mawili ya msingi, mgeni na mwenyeji. Ndani ya neno mwenyeji husikika mwenye na mji. Mgeni ni yule asiye na mji pale aliposimama. Methali husema mgeni ni kuku mweupe, maana hajifichi kundini. Husema tena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii husomwa kama onyo kwa mgeni mvivu, na onyo limo. Lakini apewaye jembe hupewa na mahali pa kulima. Jembe ni mzigo, na ni haki pia. Siku ya tatu mgeni hatolewi nje. Huvushwa kutoka hali moja hadi nyingine, na baada ya hapo ana lake analodaiwa na lake analodai. Basi mtu arudiye, kwa fikira ya methali, ni mtu wa siku ya tatu.

Ilikuwaje mlimani? Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa imekwisha kuzoea njia za Uchaga. Nchi hiyo haikuwa na mfalme mmoja. Iligawanyika katika tawala nyingi, na kila moja ilikuwa na Mangi wake: Kilema, Machame, Moshi, Kibosho, Marangu na nyinginezo. Kila Mangi alikuwa na haki ya kupokea hongo. Wakati huo neno hili halikuwa na aibu. Hongo ilikuwa malipo ya halali ya mpita njia kwa mwenye nchi, nguo au shanga au nyaya za shaba, na kwa malipo hayo msafara ulipata maji, chakula, ulinzi na ruhusa ya kuendelea. Hongo ilikuwa ushuru, na ilikuwa ada. Msafara uliorudi kila mwaka ulijulikana, na kiasi chake kilijulikana.

Mmoja wa watu waliozoea njia hizo alikuwa Bwana Kheri. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipotoka Rabai kwenda Uchaga kwa mara ya kwanza, Bwana Kheri ndiye aliyekuwa kiongozi wa safari. Tarehe 11 Mei mwaka huo Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na kwa sababu hiyo jina lake limeandikwa katika vitabu vyote vya jiografia. Bwana Kheri alikuwa ameujua mlima huo kabla yake, amekwisha kula na kulala kwa wenyeji wake, naye anatajwa katika vitabu hivyo kama kiongozi wa mtu mwingine. Hapa pana somo kwa mwanafunzi wa historia. Wanahistoria wa safari humtukuza afikaye kwanza, na humsahau arudiye. Ilhali elimu ya nchi haikuwa kwa yule wa kwanza bali kwa huyu wa pili, aliyejua Mangi yupi ana vita na nani, mto upi hufurika mwezi gani, na hongo ya mwaka jana ilikuwa kiasi gani.

Rebmann mwenyewe alirudi. Katika safari ya kwanza alifika Kilema kwa Mangi Masaki. Mwishoni mwa mwaka huo aliondoka tena, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, akapokewa vizuri. Mwezi wa Aprili 1849 alifunga safari ya tatu, safari hii akiwa na mizigo mingi zaidi, kwa kuwa alikusudia kupita Machame aende hata Unyamwezi. Mamkinga alimpokea kwa urafiki, kisha akamtaka zawadi, na baada ya zawadi zawadi nyingine, mpaka mali iliyokusudiwa kwa safari yote ikaisha Machame, na mgeni akalazimika kurudi pwani akiwa mgonjwa na mikono mitupu. Mambo kama hayo yalimpata Charles New, mmisionari wa Kimethodisti. Mwaka 1871 alikaribishwa Moshi na Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, akapanda mlima mpaka akaigusa theluji. Aliporudi kwa Rindi mara ya pili alinyang'anywa mali yake, na mwaka 1875 alifariki njiani akirejea pwani.

Waandishi wa Ulaya waliyasimulia mambo haya kama ushahidi wa tamaa ya wafalme wa Kiafrika. Tamaa yaweza kuwa ilikuwapo, kwa kuwa haiko kabila isilolijua. Lakini mtu akiyapima kwa kipimo cha wenyeji huona upande wa pili. Rebmann alirudi mara ya tatu, na siku ya tatu ni siku ya jembe. Hakuja kununua pembe, hakuja kuoa, hakuja kusaidia vita. Alikuja na mali nyingi kuliko kwanza, akasema mali hiyo si ya Machame bali ni ya nchi ya mbali. Kwa maneno mengine, alitaka haki za mgeni wa siku ya kwanza, yaani kupokewa na kupitishwa, wakati mwenyeji amekwisha kumhesabu kuwa mtu wa nyumbani mwenye wajibu. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya urafiki, na hapakuwa na neno moja ambalo wote wawili walilielewa namna moja.

Neno hilo lilikuwapo kwa wale waliotaka kulitumia. Mlimani, kama ilivyokuwa katika nchi nyingi za bara, mgeni aliyekusudia kurudi aliweza kufanywa ndugu. Mnyama alichinjwa, na kipande cha ngozi yake kikavishwa vidoleni mwa wenye kuagana. Au damu ilichanjwa na kuliwa na nyama, ukawa undugu wa kuchanjiana. Wafanyabiashara wa misafara walifanya hivyo kwa imani au kwa hekima ya biashara, na huenda kwa yote mawili. Tangu siku hiyo mtu hakuwa mgeni wa mara kwa mara. Alikuwa ndugu, na ndugu hunyimwa kwa aibu na huibiwa kwa laana. Ndipo huonekana kwa nini lugha haikuhitaji jina la mtu wa mazoea: mazoea hayakuachwa yabaki mazoea. Yalifungwa kwa agano, na agano ndilo lililotoa jina.

Utawala wa Wajerumani ulipoingia, agano la namna hiyo lilipoteza nguvu. Ulinzi wa njia haukuwa tena mikononi mwa Mangi, wala hongo haikuwa tena haki yake. Kodi ililipwa bomani. Neno hongo likabaki bila kazi, na neno lisilo na kazi halikosi kupata kazi nyingine. Leo hongo ni rushwa tu, na mtu asomaye habari za misafara bila kulijua hilo hudhani kila Mangi alikuwa mla rushwa. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, na pamoja na reli yalizidi maduka. Pakazaliwa mgeni arudiye wa namna mpya, ajaye si kwa msafara wa mwaka mara moja bali kila wiki, kutafuta chumvi, mafuta ya taa, nguo na sukari.

Huyu Kiswahili kilimwita mshitiri au mteja, na maneno haya mawili si sawa. Mshitiri limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mnunuzi, hakuna zaidi. Atoaye fedha na kuchukua kitu ni mshitiri, hata kama hatarudi mpaka kiama. Mteja ana uzito mwingine. Katika lugha ya waganga wa pwani mteja ni mtu aliye mkononi mwa mganga, ambaye matibabu yake yamemfunga kwake. Haendi mara moja akamaliza, bali hurudi, na mganga naye hawezi kumkana. Duka lilipolichukua neno hili lilichukua na fungo hilo. Mteja wa duka alikuwa mtu ajulikanaye, na alama ya kujulikana kwake ilikuwa daftari la madeni. Aweza kuchukua sasa na kulipa baada ya mavuno ya kahawa. Mwenye duka hakuandika katika daftari jina la mtu asiyemjua baba yake.

Daftari hilo lilikuwa na pande mbili. Lilimlisha mkulima katika miezi ya njaa, na pia lilimfunga, kwa maana mwenye deni hauzi kahawa yake atakako. Katika miaka ya 1930 Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ambayo ilifanya iwe vigumu kwa mwenye duka kumdai Mwafrika mahakamani. Serikali ilisema ni ulinzi. Lakini matokeo yake yalikuwa ya kwamba mkopo wote uliobaki ulisimama juu ya kujuana peke yake, pasipo hakimu. Methali ya kukopa harusi, kulipa matanga ilitundikwa ukutani mwa maduka ili kumkumbusha mteja jambo ambalo sheria haikuweza kumlazimisha.

Wakulima wa Kilimanjaro walitafuta njia ya kutoka katika hali hiyo. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa, ambacho Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kijulikanacho kwa herufi KNCU. Hapa lugha ilipata jina lingine la mtu arudiye: mwanachama. Mkulima aliyeleta kahawa yake kila msimu katika chama cha msingi cha Machame au Kibosho hakuwa mgeni wa ghala wala mteja wa mtu. Kurudi kwake kulihesabiwa. Kulimpa sauti katika mkutano na sehemu katika faida. Lile fungo la mteja na daftari liligeuzwa likawa haki iliyoandikwa. Si makosa kusema ya kuwa ghala la ushirika lilikuwa mrithi wa ile ngozi ya vidoleni, kwa maana yote mawili yaliyachukua mazoea na kuyafanya agano.

Agano hilo nalo lilivunjwa. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na mwaka huo huo maduka ya watu binafsi yalifungwa kwa wingi katika Operesheni Maduka, mahali pake yakawekwa maduka ya umma. Kwa sheria, duka la umma halina mteja wake. Wote ni sawa mbele ya mizani. Lakini bidhaa zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walisimama foleni kwa sabuni na sukari, na ikaonekana ya kuwa wote si sawa. Aliyejuana na muuzaji alipitia mlango wa nyuma. Kule kujuana ambako zamani kulikuwa na jina na heshima kukawa jambo la kificho, kama hongo ilivyokuwa imegeuka kabla yake. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu ushirika kurudi, lakini tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi mwaka 2018 wanunuzi binafsi wa kahawa nao waliruhusiwa, na mkulima aliweza kumwuzia huyu leo na yule kesho. Alipata uhuru wa mshitiri, na kwa kadiri hiyo alipungukiwa na fungo la mwanachama.

Katika miaka iyo hiyo neno mteja lilipanuka mpaka likawa jembamba. Benki, hospitali, kampuni ya maji na ofisi ya serikali, zote zina wateja, ingawa hazimjui hata mmoja wao kwa uso. Nchini Kenya sauti ya simu iliyotangaza ya kuwa mteja hapatikani ilirudiwa hata vijana wakafanya mteja kuwa jina la mtu asiyepatikana: neno la mtu aliye mkononi mwa mwenzake likawa neno la mtu asiyeonekana. Huko Tanzania, mitaani, teja ni mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Yaonekana jina hilo limetokana na mteja, naye kwa hakika ni mteja arudiye kuliko wote, ila harudi kwa sababu ya mtu. Hurudi kwa sababu ya kitu. Hapo Kiswahili kimefika pale pale kilipofika Kiingereza na "habitué" wake wa kasumba. Yakiondolewa maagano yote, kinachobaki katika mtu arudiye ni mazoea matupu.

Lakini lugha haikukubali kuishia hapo. Msikilizaji akisimama katika soko la Bomang'ombe atasikia ya kuwa mchuuzi hamwiti mtu wake mteja wala kastama bila kuongeza neno moja dogo: wangu. "Njoo, mteja wangu." "Huyu kastama wangu wa siku nyingi." Neno hilo dogo hurudisha lile ambalo ofisi na simu zimeliondoa. Likitamkwa, nyongeza juu ya kipimo hutarajiwa, na bei hutajwa kwa adabu. Mara nyingi hata hilo halitoshi, na mchuuzi huingia katika majina ya ukoo: mama, shangazi, shemeji, mjomba. Wasiojua hucheka kwamba sokoni kila mtu ni shemeji. Lakini jina la ukoo hapo latenda kazi iliyotendwa na kuchanjiana kwa damu: lamtoa mtu katika ugeni na kumpa wajibu.

Kuna jina moja ambalo limekwenda safari ndefu kuliko yote. Wachaga wengi walitoka mlimani wakafungua maduka Dar es Salaam na miji mingine, na katika mitaa ya miji hiyo mwenye duka dogo huitwa Mangi. Mtoto hutumwa chumvi "kwa Mangi", bila mtumaji kuuliza kama mwenye duka ametoka Machame au Rombo. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na neno lililokuwa la mpokea hongo likapata kiti kipya nyuma ya kaunta. Laweza kuonekana kama mzaha, na mzaha umo. Lakini kazi yake haikubadilika sana. Mangi wa kale alikuwa mtu ambaye warudio walimletea ada yao na kupata kwake kibali cha kuendelea. Mangi wa duka ni mtu ambaye warudio humletea shilingi zao, na mshahara ukichelewa hupata kwake unga wa siku tatu, kwa kuandikwa daftarini. Watu waliomtafutia jina mwenye duka walijua, bila kufundishwa historia, ya kuwa mtu arudiwaye na watu ni mtawala wa namna fulani.

Mfasiri basi amjibu nani? Asijilaumu kwa kukosa neno moja la "habitué", wala asilitwae neno mzoefu kwa haraka, kwa maana mzoefu ni mtu wa ujuzi wa kazi. Aulize kwanza mambo mawili ambayo Kifaransa hakiyaulizi: mtu huyu hurudi kwa nani, na kila mmoja anamdai mwenzake nini? Akipata majibu, Kiswahili kitampa jina: ndugu, mteja wa fulani, mwanachama, mtu wa nyumbani. Asipopata jibu lolote, kwa kuwa hakuna adaiye wala adaiwaye, hapo ndipo atumie maneno mengi kueleza mazoea matupu, na wingi wa maneno utakuwa sawa na ukweli wa jambo.

Kila mwezi wa Desemba mabasi hujaa Wachaga watokao mijini kwenda mlimani kwa Krismasi, na wale wa Siha hushuka Bomang'ombe na mizigo yao kutafuta gari la Sanya Juu. Hawa ni warudio wa namna ya mwisho, wasioweza kuitwa wateja wa mtu. Wengine wamezaliwa mbali, na watoto wao hawakijui Kichaga. Huja na sukari na vitenge kwa wazee, huchinja, huketi katika kihamba chenye migomba na makaburi ya babu zao, kisha hurudi mjini kabla shule hazijafunguliwa. Kwa siku walizokaa wangeweza kuhesabiwa wageni. Hawahesabiwi hivyo kwa sababu wanarudi, na kile waletacho mkononi, ambacho zamani kingepewa jina la ada, huwathibitishia nafasi yao. Yule apitishaye miaka mingi bila kurudi hukuta masale ya mpaka yamesogea, na akipiga hodi hukaribishwa vizuri sana, kwa adabu zote apewazo mgeni wa siku ya kwanza.